Picha ya Kompyuta Isikate Mshahara wa Fundi



Katika karakana moja ya useremala hapa Gitega, mafundi wawili wa rangi wamekatwa mshahara kwa ajili ya makabati ya jikoni. Makabati hayo yalikuwa ya nyumba moja ya Muyinga. Tajiri wa karakana alimpelekea mwenye nyumba picha iliyochorwa kwa programu ya kompyuta: jiko zima limekwisha pangwa, milango ya makabati ina rangi ya maziwa. Mteja akapenda, akatoa malipo ya kwanza. Kazi ikafanywa, makabati yakapakiwa garini, yakapita Karuzi mpaka Muyinga. Yalipofungwa ukutani, mteja alitoa simu yake, akaishika kando ya mlango na kusema kwamba hiyo siyo rangi aliyoichagua. Hasara yote ikatupwa kwa waliopaka.

Sisi wa chama tulipouliza, tulijibiwa kwamba kompyuta haikosei. Hilo ni jibu la kumtisha mtu asiyeijua kompyuta. Basi na tuijue.

Kioo cha kompyuta, au cha simu, hutoa mwanga wake chenyewe. Huchanganya taa ndogo sana za aina tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila moja hupewa kipimo kutoka 0 mpaka 255. Rangi ya kopo haina mwanga wake. Hurudisha tu ule unaoiangukia. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Vipimo vile vile vikifika kwenye simu mbili, moja mpya na moja ya zamani, huonekana tofauti, na simu ikiwa imewekwa hali ya usiku, weupe wote hugeuka kuwa manjano. Fundi atafuata simu ya nani?

Tena kuna jambo ambalo matajiri hawalisemi, pengine na wao hawalijui. Programu hizi hulimulika jiko la kwenye picha kwa jua la kubuni na taa za kubuni, zikatia na vivuli, ili picha ipendeze na mteja atoe fedha. Mlango ulio karibu na dirisha huonekana mweupe, ule wa chini ya meza huonekana wa kijivu, na yote miwili imepewa rangi moja! Mteja anaposema "nataka hii," amegusa mlango upi?

Mchoraji anayetaka ukweli huanza na namba ya rangi iliyoandikwa na kiwanda, akaiingiza katika programu, na wakati wa kuchagua huzima vivuli na kuacha mwanga mweupe. Kwa mfano, iko orodha ya rangi iitwayo RAL, iliyoanza Ujerumani mwaka 1927 ikiwa na rangi 40. Humo 9010 ni nyeupe na 9016 pia ni nyeupe, lakini ya kwanza ina umanjano kidogo na ya pili ni baridi. Kumwambia fundi "paka nyeupe" ni kumtega.

Na hata namba ikiwa sahihi, taa ya nyumbani ina lake. Mwanga wa mchana huhesabiwa kuwa kama Kelvini 6500, na balbu ya manjano kama 2700. Rangi mbili zaweza kufanana kabisa juani, zikaachana jioni chini ya balbu. Rangi nyeupe ya mafuta nayo hugeuka manjano polepole mahali pasipofikiwa na mwanga, kama ndani ya kabati. Mteja akilalamika baada ya miezi kadhaa, asianze kumtafuta aliyeshika brashi.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai ya Teza na Rwegura, na wa vituo vya kuoshea kahawa, msiseme haya ni ya maseremala. Kahawa mbivu huchaguliwa kwa kuangaliwa wekundu wake, ikiwa imemwagwa mbele ya macho ya wote. Nani kwenu angekubali kapu lake likataliwe kwa picha iliyo katika simu ya mtu?

Hatupingi kompyuta. Vijana wa karakana wafundishwe programu hizo, na wafundishwe katika saa za kazi. Tunachokataa ni mwajiri kuuza kwa picha, kupokea fedha kwa picha, kisha picha ikidanganya, mwenye jasho ndiye alipe. Mkataba nambari 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unasema mshahara hukatwa tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya mteja haimo.

Kwa hiyo kila karakana yenye wanachama wetu idai kibao cha mfano. Kipakwe juu ya mbao ile ile, praima ile ile, mikono ile ile ya rangi, ya kung'aa au isiyong'aa kama itakavyokuwa kazi yenyewe. Mteja akitazame mchana na usiku, nyumbani kwake, hata kama nyumba iko Muyinga na karakana iko Gitega; kibao hakijazi gari. Nyuma yake iandikwe namba ya rangi na tarehe, mteja na tajiri watie sahihi. Kikatwe vipande viwili: kimoja akae nacho mteja, cha pili akae nacho fundi, siyo ofisini kwa tajiri.