Mpeleka Barua wa New Bedford

Juma hili tunamkumbuka mtu ambaye pengine wengi wenu hamjapata kusikia jina lake: William Harvey Carney. Watu wa New Bedford, mji wa bandari katika Marekani, walimwona kwa miaka zaidi ya 30 akipita milangoni mwao na mfuko wa barua begani. Watoto waliompokea barua labda hawakujua kwamba chini ya nguo zile za posta yalikuwamo makovu ya risasi.

Alizaliwa mtumwa, huko Norfolk katika jimbo la Virginia, mwaka wa 1840. Sheria ya jimbo lile ilikataza kuwakusanya watumwa ili kuwafundisha kusoma. Yeye alijifunza kwa siri. (Ninyi wanafunzi mnaonung'unikia kazi za nyumbani, lifikirini jambo hilo kidogo.) Baadaye jamaa yake walipata kukaa New Bedford, mji uliowapokea watoro wengi. Moyo wake ulielekea kazi ya kuhubiri Neno la Mungu. Lakini mwaka wa 1863, wakati wa vita vya Marekani wao kwa wao, watu weusi waliitwa jeshini, naye akaona kwamba atamtumikia Mungu vema zaidi kwa kuwasaidia ndugu zake walioonewa.

Akaingia katika kikosi cha 54 cha Massachusetts. Askari walikuwa weusi, wakubwa wao Wazungu. Waliahidiwa mshahara wa dola 13 kwa mwezi, kama askari wote. Kumbe walipewa 10, tena 3 zikatolewa kwa ajili ya nguo. Wakakataa kuzipokea. Wakapigana bila mshahara zaidi ya mwaka mzima, mpaka Bunge liliposahihisha neno hilo, Juni 1864. Mwezi ule ule Carney aliachishwa uaskari kwa sababu ya majeraha yake.

Majeraha hayo aliyapata jioni ya tarehe 18 Julai 1863, karibu na Charleston, kikosi kilipoishambulia ngome ya Wagner. Mbeba bendera akaanguka. Carney akaishika bendera kabla haijafika chini, akapanda nayo mpaka ukutani, mahali ambapo mkubwa wao, Kanali Robert Gould Shaw, aliuawa. Waliposhindwa na kurudi nyuma, alipigwa risasi tena na tena, akaenda akitambaa kwa magoti. Askari wa kikosi kingine alitaka kumsaidia kuibeba. Akakataa, asije akaikabidhi kwa mtu asiye wa 54. Alipofika kwa wenzake aliwaambia kwamba ametimiza wajibu wake tu, na bendera haikugusa ardhi.

Basi, ushujaa wa jioni moja husimuliwa upesi. Mimi hustaajabia zaidi miaka iliyofuata. Carney alioa mwaka wa 1865, akasimamia taa za barabara za mji, akajaribu bahati yake California muda mfupi, kisha akaingia posta ya New Bedford. Theluji, mvua, ngazi za nyumba za watu, kila asubuhi. Mtu wa namna hiyo angeweza kudai kiti kikubwa, au kukaa barazani akisimulia vita mpaka majirani wachoke. Yeye alipeleka barua.

Mwaka wa 1897 sanamu ya ukumbusho wa Shaw na askari wake ilipozinduliwa Boston, msemaji mmoja alikuwa Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri aliyezaliwa mtumwa pia. Alipomtaja Carney, mzee yule aliinuka na bendera mkononi, na ukumbi wote ukasimama ukimshangilia.

Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kupita zote za jeshi la nchi ile, aliipata tarehe 23 Mei 1900. Hesabuni wenyewe: miaka 37 karibu! Watu weusi wengine walikuwa wamekwisha kuipata, ingawa tendo lake liliwatangulia wote.

Alipostaafu posta, bado hakukaa bure. Akawa tarishi katika Jumba la Serikali huko Boston. Humo, Novemba 1908, mguu wake ulibanwa na lifti, akafa mwezi uliofuata. Gavana akaamuru bendera ya Jumba lile ishushwe nusu mlingoti, heshima waliyozoea kupewa wakubwa wa serikali. Siku ile ilitolewa kwa tarishi.