Kobe mchanga anayezubaa hajalala usingizi wa msimu, anaumwa

Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Walikuwa wakimwonya binadamu, lakini hakuna anayeficha ugonjwa kama kobe. Kobe halii wala halalamiki, na uso wake haubadiliki awe mzima au mahututi. Porini mnyama anayeonyesha unyonge huliwa, kwa hivyo kujikaza kumo katika maumbile yake. Siku unapomwona amelegea, mara nyingi ugonjwa umekwisha kumkalia muda mrefu.

Nasema haya, ndugu msomaji, kwa sababu kuna jibu moja ambalo mwenye kobe mdogo huambiwa anapouliza mbona mnyama wake hali, hafungui macho na amejikunyata pembeni mwa katoni. Huambiwa: "Usijali, huo ni usingizi wa msimu. Ataamka." Maoni yangu ni kwamba jibu hilo, likitolewa Sondu, Kisumu au mji wowote wa kando ya ziwa, ni la hatari. Limeua wanyama ambao wangepona.

Jibu lenyewe halikuzaliwa hapa. Limetoka ng'ambo, ambako watu hufuga wanyama watambaao ndani ya nyumba. Mmoja anayependwa sana Ulaya na Marekani ni mjusi wa Australia mwenye ndevu, aitwaye hivyo kwa sababu ya miiba iliyo chini ya kidevu chake. Majira ya baridi yanapofika, mjusi huyo akiwa mtu mzima hupunguza kula, hujificha na kulala kwa wiki kadhaa. Mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani, W. W. Mayhew, aliupa usingizi huo wa wanyama wa damu baridi jina la brumesheni, ili kuutofautisha na ule wa wanyama wenye damu moto. Jambo hilo ni la kweli na halina ubishi.

Lakini hata huko ng'ambo, madaktari wa wanyama huonya kwamba mjusi ambaye hajatimiza mwaka mmoja asidhaniwe kuwa amelala msimu. Mchanga hana akiba ya mafuta ya kumvusha. Anapozubaa, hutafutwa kwanza joto lililopungua, mwanga usiofaa, minyoo, ukosefu wa maji au maambukizi. Usingizi huwa jibu la mwisho, baada ya mengine yote kuondolewa. Ikiwa ndivyo mahali penye theluji, sisi tunaokaa karibu na mstari wa ikweta tutasema nini?

Hebu tuangalie mahali petu. Mjini London, siku ya Desemba huwa na mwanga usiofika saa 8, na ya Juni hupita saa 16. Mnyama wa huko ana kila sababu ya kuhisi kuwa msimu umegeuka. Sondu iko chini kidogo tu ya ikweta, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho. Hapa mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu na fupi haizidi dakika chache. Mjini Kisumu joto la mchana hupita nyuzi 27 karibu kila mwezi. Ni majira gani ya baridi yatakayomlaza kobe huyu?

Kuna atakayesema kwamba kobe wetu mwenye madoadoa kama ya chui hujificha kiangazi kikali. Ni kweli. Porini, nyasi zinapokauka, hupunguza mwendo na kujisitiri vichakani au katika mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine. Hata hivyo, yule ana hiari ya kuchagua kivuli, unyevu na mahali penye joto, na akiwa mkubwa ana akiba mwilini. Kobe mwenye ukubwa wa kiganja, aliyefungiwa katika katoni juu ya sakafu ya saruji, hana hata moja katika hayo. Kumlinganisha na yule wa porini ni kumwonea.

Basi ni nini hasa kinachomzubaisha? Cha kwanza ni baridi ya mahali anapolala. Mwili wa kobe hautengenezi joto lake kama wetu, bali huchukua joto la mahali alipo. Mchana anahitaji takriban nyuzi 26 hadi 32, na pembe moja yenye joto zaidi la kama nyuzi 35. Sakafu ya saruji, hasa baada ya mvua, haimpi hayo. Akiwa baridi, tumbo lake halisagi chakula. Ndiyo maana kumlazimisha kula akiwa baridi ni kosa, kwani chakula huozea tumboni.

Cha pili ni jua. Bila miale ya jua mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo hauwezi kutumia chokaa iliyo katika chakula. Gamba hulainika, miguu hukosa nguvu, na mnyama hukaa tu. Wengi hudhani kumweka karibu na dirisha kunatosha. Hakutoshi. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia miale ile anayoihitaji.

Cha tatu ni chakula. Kobe huyu ni mla nyasi. Sukuma wiki na kabichi kila siku, mkate, ugali na nyanya si chakula chake. Anahitaji nyasi na magugu mabichi ya aina mbalimbali ambayo hayajanyunyiziwa dawa. Cha nne ni maji. Kobe mchanga hukauka upesi, macho yakazama ndani na mkojo ukawa mzito kama chokaa. Cha tano ni minyoo na maambukizi ya mapafu. Ukiona povu puani, mdomo ukiachama au pumzi ikitoa mlio, usingoje kesho.

Ufanye nini? Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Kobe mchanga anatakiwa kuongezeka. Akipungua kuna jambo. Mweke katika beseni lenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, kwa dakika 15 hivi, naye atakunywa. Mtoe nje apate jua la asubuhi, lakini pawe na kivuli anachoweza kukifikia mwenyewe, kwa maana jua lisilo na kivuli huua haraka kuliko baridi. Akipata joto na maji kwa siku moja au mbili kisha asichangamke, mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Daktari asiye na uzoefu wa kobe anaweza kuwauliza wenzake wa Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia udaktari wa mifugo.

Hapa kuna onyo ambalo ningependa likatwe na kubandikwa ukutani. Sondu ni mji wa soko la ng'ombe, na maduka ya dawa za mifugo hayakosekani. Ni rahisi mtu kudhani kwamba dawa ya minyoo inayomfaa ndama, ikipunguzwa, itamfaa kobe. Dawa ya ivamektini, ambayo wafugaji huitumia kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, ni sumu kwa kobe. Humlegeza misuli hadi akashindwa kupumua, hata kwa kiasi kidogo. Mwenye kobe anayezubaa akimpa dawa hiyo, kobe atazubaa zaidi, na atakayesema "amelala" atakuwa anamwangalia maiti.

Huenda ukauliza, msomaji, kwa nini tusumbukie kobe katika kurasa za afya za binadamu. Jibu ni kwamba kobe anaishi na watoto wetu. Wanyama watambaao wengi hubeba vijidudu vya salmonela matumboni bila wao kuugua, na huvitoa kwa kinyesi. Mtoto humshika kobe, kisha hutia kidole mdomoni. Marekani iliona hatari hiyo ikawa kubwa kiasi kwamba mwaka 1975 ilipiga marufuku uuzaji wa kobe na kasa wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu hao ndio watoto huwatia mdomoni.

Kwa mtu mzima mwenye nguvu, salmonela yaweza kuwa siku chache za kuhara. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, mama mjamzito, mzee au anayeishi na virusi vya Ukimwi, vijidudu hivyo vyaweza kuingia katika damu. Na kuna kundi ambalo sisi wa kando ya Ziwa Victoria hatuna ruhusa ya kulisahau, nalo ni la watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Ugonjwa huo umeenea sana katika eneo hili, na salmonela ni miongoni mwa vijidudu vinavyoshambulia mifupa ya watoto hao. Nasema bila kusita: nyumba yenye mtoto wa selimundu, au mtoto mchanga, si nyumba ya kufugia kobe. Katika nyumba nyingine, mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, beseni lake lisioshwe mahali vyombo vya chakula vinapooshwa, na asitembee jikoni.

Kisha kuna sheria. Kobe wa porini ni mnyamapori wa taifa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka nyumbani bila kibali. Kijana akikuletea kobe mdogo aliyemwokota shambani Nyakach akitaka shilingi kidogo, usimpe. Ukinunua mmoja, kesho ataleta watatu. Na ikiwa tayari unaye, usimtupe kichakani usiku, kwa sababu aweza kuwapelekea wa porini ugonjwa. Wasiliana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wakueleze la kufanya.

Tatizo letu hapa, kwa maoni yangu, ni kupenda jibu linalotuliza. Neno "usingizi" halina gharama. Halidai nauli ya kwenda kwa daktari wala halitulazimu kuinua katoni kutoka sakafuni. Lakini sisi watu wa eneo la malaria tunalijua somo hili vizuri. Muuguzi wa zahanati akiona mtoto mwenye homa amezubaa na hashtuki anapoitwa, hamwambii mama kwamba mtoto amechoka, mwache alale. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha kuzubaa miongoni mwa dalili za hatari kwa mtoto, pamoja na kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu na degedege. Mtoto huyo hukimbizwa hospitalini.

Simlinganishi kobe na mtoto. Nasema tu kwamba akili tuliyofundishwa na maradhi ya kwetu ndiyo tuitumie, tuachane na kalenda ya nchi zenye theluji. Ewe mwenye kobe mchanga, akizubaa leo, mguse miguu uone kama ni baridi, mtazame macho, mpime uzito, na uwaite watoto wakanawe mikono. Kisha utafute daktari kabla jua halijatua.