Pigo Lililo Tamu Kuliko Yote Katika Tenisi

Katika kambi za jeshi na polisi za nchi hizi zetu za Afrika ya Mashariki, si jambo la ajabu kukuta kiwanja cha tenisi kando ya mesi ya maofisa. Jioni, gwaride likiwa limekwisha na zamu zimepokezanwa, hukutana hapo watu wa vyeo mbalimbali, mmoja ana raketi mpya na mwingine ana raketi ambayo nyuzi zake zimefungwa fundo mara tatu. Wakiisha kuchoka na kuketi kunywa maji, huzuka ubishi ule ule: katika mapigo yote ya mchezo huu, ni lipi limridhishalo mchezaji zaidi? Sisi tunayo rai yetu, nasi twapenda kuitoa waziwazi, kwani ubishi huu, ingawa waonekana kuwa ni wa kupitishia wakati, unagusa pia namna mkubwa na mdogo wanavyokutana uwanjani.

Twasema habari za wachezaji wa kujifurahisha, si za mabingwa wanaolipwa. Wala askari hana sababu ya kuona haya kuupenda mchezo huu kwa kudhani kuwa ni wa raia matajiri peke yao. Aliyeutengeneza na kuuandikishia haki ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1874 alikuwa mwanajeshi, Meja Walter Clopton Wingfield. Kiwanja chake kilibanwa katikati mfano wa kiuno cha nyigu, jambo ambalo wachezaji waliliacha baada ya miaka michache, na kwa maoni yetu walifanya vyema.

Vijana wengi hujibu upesi kwamba pigo tamu ni mpira wa kuanzia ambao mpinzani hakuugusa kabisa. Wengine husema ni kule kuupigilia mpira kutoka juu ya kichwa, ukadunda na kuruka hadi nje ya ua. Hatuwalaumu, mlio wa pigo la namna hiyo husikika mpaka kwenye lindo la langoni. Lakini tuyatazame mapigo hayo kwa makini. Mpira wa kuanzia usioguswa ni kama mgeni aliyeaga kabla hajapiga hodi: mazungumzo hayakuwapo. Na kwetu sisi wa jioni, mara nyingi humkuta mwenzetu bado anajifuta jasho. Ama huo wa kupigiliwa kutoka juu, kwa kawaida ni zawadi ya mpinzani aliyeuinua mpira vibaya. Kufurahia zawadi si dhambi, lakini mtu asijisifu kwayo kana kwamba ameinunua kwa mshahara wake.

Yako mapigo mengine tunayoyaheshimu zaidi. Kila raketi ina mahali pake, karibu na katikati ya nyuzi, ambapo mpira ukipakuta mtetemo haufiki mkononi. Mpira hukaa juu ya nyuzi kwa muda mfupi mno, kiasi cha sehemu tano hivi katika elfu za sekunde moja, na hata hivyo kiganja hujua papo hapo kwamba pigo lilikuwa sawa. Anayeipata hisia hiyo mara moja tu kwa juma hurudi kiwanjani juma lifuatalo. Mpira wa kukata kiwanja pembe kwa pembe nao una hesabu nzuri: wavu una kimo cha sentimita 91.4 katikati lakini sentimita 107 kwenye nguzo, na njia ya pembe kwa pembe ina urefu wa mita 25 na zaidi badala ya mita 23.77 za njia iliyonyoka. Yaani ukuta ni mfupi na shamba ni refu. Mwenye busara akiwa mashakani huupiga huko.

Hata hivyo, pigo tulitukuzalo sisi ni lile la kuuinua mpira juu ya kichwa cha mpinzani aliyekwisha kuja wavuni, ukamvuka na kushuka nyuma yake ndani ya mstari. Hebu tufikirie hali yenyewe. Mtu amekuja mbele kwa sababu anajiona ana nguvu kukushinda. Ameziba njia ya kushoto na njia ya kulia, imebaki mbingu. Uso wa raketi unafunguliwa kidogo, mkono unatoka chini kwenda juu pasipo haraka, na mpira unaondoka. Baada ya hapo huja muda ambao pigo jingine lolote halina. Mpira uko juu, wote wawili mnautazama, na hakuna kati yenu ajuaye. Kisha mpinzani anageuka, na unavisikia viatu vyake vikikimbilia nyuma. Nguvu zake zote, ambazo dakika moja iliyopita zilikuwa hofu yako, sasa anazitumia kulikimbilia kosa lake mwenyewe la kusogea mno.

Tuongeze neno kwa walio katika kambi za nyanda za juu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi karibu mita 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Askari aliyehamishwa kutoka pwani asikasirike akiona mipira yake ya kuinua ikianguka nje siku ya kwanza. Apunguze mkono, alenge hatua mbili tatu kabla ya mstari wa nyuma, na ikiwezekana aupitishe juu ya bega la upande usioshika raketi, ambako hata mrefu hufika kwa taabu.

Asiyeamini kwamba ulaini waweza kuushinda ukali na akumbuke mambo ya Wimbledon mwaka 1975. Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyekaribia miaka 32, alikutana katika fainali na Jimmy Connors, bingwa wa mwaka uliotangulia, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akiogopwa na wote kwa ukali wa mapigo yake. Ashe hakuwa mtu wa mapigo dhaifu. Mwaka 1968, akiwa bado luteni katika jeshi la Marekani, alilitwaa taji la wazi la nchi yake, na kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ridhaa hakuruhusiwa kuichukua zawadi ya dola 14,000. Ilikwenda kwa Tom Okker aliyemshinda. Lakini mbele ya Connors aliuacha mchezo wake wa siku zote. Alimpelekea mipira ya chini isiyo na kasi, ili kijana yule asipate nguvu ya kuazima, na alipokuja wavuni akauinua mpira ukampita kichwani. Connors alishindwa 6–1, 6–1, 5–7, 6–4. Luteni wa zamani alikuwa amemchunguza adui kabla ya kuchagua silaha.

Hapa tunafika penye jambo lenyewe. Kila asomaye safu hii ajua kwamba katika viwanja vya kambi yako mapigo ambayo hayapigwi. Koplo anamwona mkuu wake amesimama wavuni, nyuma yake pako wazi kama uwanja wa gwaride siku ya mapumziko, na badala ya kuuinua mpira anaupeleka polepole hadi kwenye raketi ya afande. Afande anaupigilia kwa kishindo. Makofi yanapigwa. Sisi twasema kwamba afande huyo ameibiwa mbele ya macho yake. Utamu wa pigo watoka kwa yule aliyejaribu kwa moyo wote kulizuia; asipokuwapo mtu huyo, kilichobaki ni mazoezi ya viungo tu. Na baada ya miaka mitatu ya ushindi wa namna hiyo, mkubwa wetu akihamishiwa mahali asikojulikana, atakutana na mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka hamsini na tano ambaye hajali nyota za mabegani, naye atamrushia mipira juu ya kichwa mpaka magoti yaombe likizo.

Nidhamu ni uti wa mgongo wa jeshi na polisi, na hatusemi lolote la kuipunguza. Koplo aje na saluti yake na aondoke na saluti yake. Wala lawama kubwa hatumtwishi yeye. Mwenye uwezo wa kuubadilisha mchezo ni mkubwa, na nafasi yake huja siku ya kwanza atakaporushiwa mpira ukamvuka. Namna atakavyogeuka, na uso atakaouonyesha akirudi, ndivyo vitakavyoamua kama atarushiwa tena. Anayecheka na kusema umenipata, endelea, amejipatia mpinzani wa kweli kwa bei ya pointi moja.

Jambo hili laonekana zaidi katika kuhukumu mistari. Sisi wa kujifurahisha hatuna mwamuzi. Kila mmoja huihukumu mipira inayoangukia upande wake, na desturi ya mchezo yasema kwamba shaka ni haki ya mpinzani: usipouona dhahiri kuwa uko nje, basi ni mzuri. Ndugu zetu polisi hawahitaji kufundishwa hilo, kwani wajua kwamba mtu hafungwi kwa kudhaniwa. Mpira wa kuinua ndio unaoipima desturi hiyo kuliko mipira yote, maana hushuka karibu na mstari, nao uhukumiwe na mtu anayekimbia huku akihema, aliye na kila sababu ya kutamani uwe nje. Naye akiwa ni meja, na aliyeupiga ni koplo, nani atauliza mara ya pili?

Ashe huyo huyo alifika Yaoundé, Kameruni, mwaka 1971, akiwa mgeni maarufu, na kati ya watoto aliopigiana nao mipira alikuwamo mmoja wa miaka kumi na mmoja hivi aitwaye Yannick Noah. Ashe alikiona kipawa chake, akawaarifu viongozi wa tenisi wa Ufaransa, na mtoto akapelekwa huko kufundishwa. Mwaka 1983 alilitwaa taji la Roland Garros mjini Paris kwa kumshinda Mats Wilander. Laiti siku ile ya Yaoundé angeuzuia mkono wake kwa heshima ya mgeni, Ashe angeona nini?