Mchezaji Apewe, na Mkunga Je?

Ndugu zangu wa Mkokoni, na nyinyi wa Kiwayu na Kiunga, kila Siku ya Mashujaa inapokaribia, tarehe 20 Oktoba, mabaraza huchangamka kwa ubishi uleule. Mchezaji aliyetajirika Ulaya, nyumba yake huko, watoto wake wasoma huko, apewe nishani ya taifa ya nini? Na anayehangaika hapa kwetu je?

Ni swali la haki, na anayeliuliza simwiti hasidi. Lakini tulitazame kwa utulivu, kama watu wa nyumba moja.

Nyumba ngapi hapa kwetu zina mtu Oman, Saudia au Dubai? Ada ya shule ikikwama, nani hupigiwa simu kwanza? Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Hatujamwambia hata mmoja wao kwamba si wetu kwa kuwa analala kwingine. Basi mchezaji naye tumpimie kwa pishi hiyohiyo.

Mnaikumbuka mechi yetu na Tanzania, Juni 27, 2019, pale Cairo? Harambee Stars walikuwa hawajaonekana Kombe la Afrika tangu 2004. Nahodha wetu alikuwa Victor Wanyama, mchezaji wa Tottenham ya London. Nahodha wa Tanzania alikuwa Mbwana Samatta, aliyechezea Genk ya Ubelgiji. Michael Olunga wakati huo riziki yake ilikuwa Japani. Tulifungwa, tukasawazisha, tukafungwa tena na Samatta dakika moja baadaye, kabla hatujamaliza kushangilia. Tukasawazisha tena. Dakika ya 80 Olunga akaweka la tatu, tukashinda 3-2. Nani usiku ule aliuliza mfungaji ana nyumba wapi?

Wako watakaosema, haya, na kodi je? Hoja hiyo ina uzito. Uingereza nao walibishana kuhusu Lewis Hamilton, dereva wa magari ya mashindano anayeishi Monaco, mahali ambapo mkazi halipi kodi ya mapato, na bado mwaka 2021 akatunukiwa cheo cha Sir. Mimi naona kodi ina sheria zake na wakusanyaji wake. Nishani inauliza jingine: umelifanyia nini taifa lako? Mchezaji anayeitwa timu ya taifa akaja, akaumia goti kwa jezi yetu, huyo ana haki yake hata akiwa na majumba kumi ng'ambo. Anayeitwa akakaa kimya bila udhuru, simpigii makofi hata akiishi jirani yangu.

Na utajiri wenyewe, nadhani hautukeri kama tunavyodhani. Eliud Kipchoge si maskini. Alipopewa nishani ya EGH pale Mombasa, tarehe 20 Oktoba 2019, siku nane baada ya kukimbia marathoni Vienna kwa saa 1:59:40, nchi nzima ilifurahi. Kwa nini? Kwa sababu tunamjua yuko Kaptagat, kambini na wenzake. Kinachotuuma ni umbali, na umbali si kosa la mtu.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Katiba yetu, kifungu cha 132, inasema Rais hutoa nishani kwa jina la watu na la Jamhuri. Kwa jina la watu! Ni jina lako wewe mvuvi, wewe mama wa mandazi, wewe mwalimu wa madrasa. Tuna Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013, na Sheria ya Mashujaa ya 2014 iliyounda Baraza la Kitaifa la Mashujaa, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kupendekeza jina. Je, Mkokoni tumewahi kuandika barua?

Umra Omar, binti mwenye asili ya visiwa vya Lamu, alianzisha Safari Doctors, madaktari wanaozunguka visiwa hivi na pwani yetu kwa mashua. Mwaka 2016 kituo cha CNN cha Marekani kilimtaja miongoni mwa mashujaa wake kumi. Wageni walimwona wakiwa mbali. Sisi tuliotibiwa tuliishia kusema ahsante, jambo jema, lakini ahsante haisomeki Nairobi.

Na wako wasiojulikana kabisa. Yuko mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji kabla boti ya wagonjwa haijafika. Wako waliolinda mayai ya kasa katika hifadhi hii ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, huku wengine wakiona ni kitoweo. Wako waliosomesha watoto wa wenzao bila malipo miaka ile shule za Basuba, Milimani na Mangai zilipofungwa kwa ajili ya usalama.

Yuko na yule wa jioni. Maji yakitoka, vijana huchomeka vijiti vya mkoko mchangani vikawa magoli. Mkufunzi wao huja na filimbi shingoni, mikono bado yanuka kamba aliowatoa mwambani asubuhi. Mpira umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Analipwa nini? Huenda Olunga na Wanyama nao walianzia kwa mtu wa namna hii.

Basi tugawane kazi. Mama nyumbani, muulize bibi ni nani aliyewazalisha, na mwaka gani. Wewe wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, kikao kijacho cha wavuvi liwekwe jambo hili kabla ya mengineyo. Mwalimu, wape wanafunzi wa juu insha moja kuhusu mtu wa hapa aliyetusaidia. Kijana mwenye simu nzuri, piga picha, andika vizuri, mpelekee chifu naye aweke muhuri. Nanyi mlio Maskati na Jeddah, mnaoijua kalamu kuliko sisi, tusaidieni kuipanga barua.

Barua iwe na jina kamili la mtu, miaka aliyofanya kazi hiyo, mambo matatu yanayoweza kuthibitishwa, na mashahidi wawili wasio jamaa zake. Namba za simu ziwekwe mbili au tatu za watu tofauti, maana mtandao wa kwetu mnaujua.