Mng'ao wa Sufuria Si Usalama Wake

Mama wa Rugerero achemshaye maharagwe kwa saa kadhaa, au aungaye sambaza za Ziwa Kivu kwa nyanya, yampasa kuchagua chombo kwa uangalifu. Sufuria za alumini za kusubu, zitokanazo na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, kama vipuri vya magari, ni rahisi kwa bei, lakini zaweza kuwa na madini ya risasi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 kutoka nchi 10, zikiwamo Kenya na Tanzania. Vilipochemshiwa maji yenye ukali wa siki, baadhi vilitoa risasi.

Sumu hiyo haionekani, wala haiondoki kwa kuchemshwa. Nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo.

Penye uwezo, inunuliwe sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Maharagwe yaweza kupikwa katika chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Sufuria ya kusubu isipikiwe nyanya wala ndimu, isilaze chakula, wala isisuguliwe kwa mchanga.

Askari arudipo nyumbani na mshahara, chombo cha kwanza kubadilishwa kiwe kile kipikiacho uji wa mtoto.