Tunakula sahani moja, mbona achekwe yeye peke yake?

Mimi na binamu yangu tunakaa nyumba moja hapa Maweni, Malindi. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai vya pale kona. Mimi hata nile chakula cha watu wawili, suruali bado yataka mshipi. Yeye akionja tu, watu washaanza: "Dada, si upunguze kula!"

Mwezi jana alichoka na maneno. Akanunua chai ya kukata tumbo mtandaoni, shilingi 1,500. Siku 3 akawa ni wa chooni tu. Ya 4 akaanguka jikoni, mwiko mkononi.

Nyanya alipoyanusa yale majani alisonya: "Si sanamaki hii?" Ndiyo hiyo hiyo tunayopewa tukifunga choo. Shida ni kwamba sanamaki husukuma utumbo mpana, na mafuta ya viazi karai yalishafyonzwa kitambo, kule kwenye utumbo mdogo. Alichopoteza binamu yangu ni maji na pesa.

Sasa, mimi chuo niliacha mwaka wa pili na wala sikuwa nasomea udaktari. Lakini bando ninalo na kusoma najua. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja tumboni. Walilishwa mafuta mengi, hawakunenepa, kwa sababu walishindwa kuyafyonza vizuri. Kisha wengine wakawekewa bakteria kutoka utumbo mdogo wa panya waliozoea mafuta. Wakaanza kufyonza mafuta zaidi, hata walipolishwa chakula chenye mafuta kidogo.

Ni panya, najua, si watu wa Malindi. Lakini inaonyesha kwamba kati ya sahani na kiuno kuna wafanyakazi ambao hatuwaoni, na hawafanani tumbo kwa tumbo. Ongeza damu ya ukoo, usingizi, dawa na kazi za kukaa siku nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Wote hao ni walafi? Acheni zenu.

Kuna atakayesema, "Basi tule chipsi, tusingizie bakteria!" La, ndugu yangu. Bakteria hao huishi kwa kile unachowatupia. Nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, mchicha na mtama ndizo chakula chao. Ukiwalisha mafuta tupu kila jioni, wanaonawiri ni wale waliozoea mafuta.

Jirani zetu wa kaskazini mwa Tanzania walishalijaribu jambo kama hili. Katika utafiti uliotoka 2025, wanaume 77 walishiriki: wa kijijini wakala vyakula vya viwandani wiki 2, wa mjini wakarudi kwa vyakula vya asili. Waliopimwa ni damu, si uzito peke yake. Damu ya wale wa kijijini ikaanza kuonyesha dalili za uvimbe wa ndani. Ya wale wa mjini ikatulia. Wiki 2 tu!

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Wanaouza chai za sanamaki kwa bei ya sukari kilo kadhaa waandike wazi kilichomo. Sisi vijana wa Kilifi na Malindi tuache kuona haya kula mchicha na kunde ati ni chakula cha shamba. Mbaazi zibaki mezani, viazi karai viwe vya mara moja moja. Nyumbani kwetu tumeanza hivyo, wote wawili, hata mimi mwembamba, maana wembamba si cheti cha afya.

Na ukimwona binamu yangu barabarani, msalimie kama watu. Unene wake si salamu.