Cessna ni Bei ya Prado, Lakini Umeuliza Bei ya Injini?

Kuna klipu imezunguka kwa magrupu ya hapa Kangeta wiki hii yote. Jamaa wa Marekani anauza Cessna 172 ya miaka ya sabini, ndege ya watu wanne, na ukigeuza bei yake iwe shilingi inakaribiana na ya Prado. Chini yake watu wetu wameandika vile mnajua: "Kumbe!" "Tuchangeni." "Miraa ya Kangeta ipande ndege ya Kangeta." Mmoja ameapa msimu ukikubali hatanunua gari tena.

Sitaki kuharibia mtu ndoto. Na kwetu ndege si hadithi za Nairobi. Kila siku Hilux zinatoka hapa zikichanja zaidi ya kilomita 250 ndio mzigo uwahi ndege ya Mogadishu. Somalia ilipofunga mlango Machi 2020 tuliona vile mji unakaa bila hizo ndege, na Julai 2022 ziliporudi kila mtu, hadi mama wa chapati, alijua. Kwa hivyo pesa ya ndege tunaijua. Chenye hatujaona ni vile ndege yenyewe inakula.

Injini ya hiyo Cessna kwa kawaida ni Lycoming ya silinda nne. Inapozwa na hewa, haina rejeta. Ni mzee: 172 yenyewe ilianza kuuzwa 1956 na teknolojia ya injini zake haijabadilika sana. Rubani bado anapunguza mafuta kwa mkono akipanda juu, juu hewa inakuwa nyepesi. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari, kwa hivyo kabla hata haijaondoka chini hiyo injini ishapoteza kama asilimia 15 ya nguvu. Hapo bado hatujapakia kitu.

Sasa skia hesabu. Mtengenezaji anasema injini ifunguliwe yote ikifika saa 2,000 au miaka 12, chochote kitangulie. Kufunguliwa yote si kubadilisha ringi uende. Kila kipande kinatolewa, kinapimwa, shafti inakaguliwa kama ina ufa wenye jicho haliwezi kuona. Kwa injini kama hiyo, weka zaidi ya dola 30,000. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni karibu milioni 3.9. Gawanya kwa saa 2,000 upate kama shilingi 1,900 kila saa injini inanguruma, na bado hujaweka mafuta, hujalipa bima, hujalipa pahali pa kuegesha.

Lakini hiyo 1,900 ni ya mtu anaruka kila siku. Ndege ya binafsi hairuki kila siku. Tuseme tajiri wetu anaruka saa 50 kwa mwaka, wikendi moja moja, harusi ya rafiki Nanyuki. Miaka 12 ikifika ameruka saa 600 pekee, na injini inafunguliwa tu. Gawanya tena: dola 50 kwa saa, karibu shilingi 6,450. Mwenye anaitumia kidogo ndiye analipa sana. Mimi nilirudia hiyo hesabu mara mbili kwa simu juu sikuamini.

Na kuegesha pia ni sumu. Kwa hizi Lycoming kamshafti iko juu, ndege ikikaa wiki kadhaa oili yote inateremka chini na kile chuma kinabaki kikavu. Unyevu unaingia, kutu inaanza. Siku unawasha, kutu inasaga chuma. Gari ukiliacha kwa boma mwezi mzima, shida kubwa labda ni betri. Ndege ukiiacha inajila yenyewe kimyakimya.

Halafu spea. Kwa Hilux unapiga simu Kirinyaga Road, kitu kinapanda matatu, jioni uko nacho. Ndege haikubali hiyo. Kila kipande lazima kiwe na karatasi zake, na bolti isiyo na karatasi ni chuma chakavu hata kama inang'aa. Plagi moja ni zaidi ya dola 30, na hiyo injini ya silinda nne ina plagi nane, mbili kila silinda, ndio upande mmoja ukizima usianguke. Plagi ya boda ni ngapi vile?

Wale wa "tubebe miraa wenyewe" nawajibu haraka. Tanki likijaa na rubani akikaa, 172 inabaki na kama kilo 200. Na huwezi kubeba mzigo wa watu kwa malipo na ndege ya binafsi. Unahitaji leseni na cheti kutoka KCAA, mlima mwingine huo. Kampuni zinatumia ndege kama Caravan, injini ya tabaini, saa 3,600 kabla ya kufunguliwa, na bili yake ni mamia ya maelfu ya dola. Wanaweza juu inaruka kila siku na kila safari inajilipia kipande chake cha injini.

Na hapa ndio nilikuwa nataka kufika, juu hii kitu inatuhusu hata tusiponunua ndege milele.

Binamu yangu aliendesha Hilux ya mkopo, mzigo wa kila usiku. Pesa ya safari aliigawa vizuri: mkopo, dizeli, turnboy, nyumbani. Injini haikuwa kwa hiyo orodha. Ikanoki usiku mmoja upande wa Sagana, nyuma ikiwa imejaa. Na mnajua miraa, siku ya pili bei imeanguka, ya tatu ni majani ya mbuzi. Alipoteza mzigo, akakopa tena afungue injini, wenye mzigo wakahamia gari lingine. Watu wakasema ni bahati mbaya, wengine wakasema amerogwa. Hakuna kurogwa hapo. Hiyo injini ilikuwa inadai kila usiku na hakuna mtu alikuwa anaandika deni.

Watu wa ndege wanaandika. Oili ikibadilishwa wanakata filta waangalie kama kuna vumbi la chuma ndani, na wengine wanapeleka oili maabara ijulikane ni chuma gani kinalika. Kila saa inaingia kwa kitabu. Kwao pesa ya injini si faida, ilishatumika, bado tu haijalipwa. Sisi tunangoja moshi. Boda za stage yetu mtu anapeleka kwa fundi ikikataa kabisa kupanda mlima, na fundi naye anaskiza kwa sikio anasema "hii ni pistoni, leta elfu nane."

Kama wewe ni wa kidato cha nne na unapenda ile klipu, usiangalie kiti cha rubani pekee. Kuna East African School of Aviation pale Embakasi, na kuna leseni ya kutengeneza ndege. Huyo mwenye Cessna atakuja kwako akitaka asitake.

Binamu alinunulia Hilux injini ya mtumba mwishowe. Nilimwonyesha hesabu ya ndege, akacheka, akaniambia, "Wewe na Cessna zako, kijana." Lakini sasa kila safari anaweka 500 kwa M-Shwari, imefungwa. Jumapili alinionyesha simu: 38,500. Mama yake anataka hiyo pesa ya mabati, na mpaka leo wanabishana.